Mwalimu Germana Hajui Kusoma

Jumapili, 9 Machi 2025

Masika yameanza leo katikati ya mahubiri. Mvua ilipiga bati la kanisa mpaka Padri akakaa chini akasubiri. Watu wote walitoka wakitabasamu kwa ajili ya mahindi, isipokuwa mimi. Mimi naongoza watalii, na mvua hii ikishika, wageni wanakatika Karatu kama maji ya bomba. Nimeamua kuandika humu mpaka masika yaishe, maana nikikaa bila kazi nagombana na watu, na karatasi hainijibu.

Jioni Edson dereva akapiga simu. Ana wageni wawili, mke na mume, Waholanzi, wazee kidogo, wanaozunguka dunia kwa mashua yao wenyewe. Mashua imevunjika usukani, imepandishwa nchi kavu kule Tanga inatengenezwa, na wao wamekimbia joto wamekuja huku kwenye baridi. Wanataka kuona nyumba ya zamani ya Wairaqw, na bibi anayeishi ndani yake. Nikamwambia ipo, waje Jumatano. Sikumwambia kwamba yule bibi wa Rhotia niliyekuwa nawapeleka wageni kwake, watoto wake walikuja Krismasi wakamhamishia Babati.

Jumanne, 11 Machi

Nyumba ninayo. Babu aliichimba kwenye mteremko nyuma ya kwetu, nusu yake iko ndani ya ardhi, juu udongo na majani, ili zamani watu wajifiche humo na ng'ombe wao vita vikija. Sisi tunaweka humo magunia na ndama. Wenyewe tunalala nyumba ya tofali yenye bati la bluu, sola na dishi. Kilichokosekana ni bibi.

Mama yangu anaitwa Mwalimu Germana. Amefundisha darasa la kwanza tangu kabla sijazaliwa mpaka alipostaafu, na nusu ya watu wazima wa kata hii aliwashika mkono wakaandika herufi ya kwanza. Edson mmojawapo. Kanisani ndiye msomaji, na jumuiya yetu ya waumini yeye ndiye mwenyekiti. Nilimkuta anasahihisha barua ya jumuiya kwa kalamu nyekundu, tabia haijamtoka.

"Unataka niwe nani?" akauliza.

"Bibi tu, Mama. Wa kienyeji. Usiongee Kiswahili wala Kiingereza. Ongea Kiiraqw, mimi natafsiri."

"Na kusoma?"

"Hujui."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Haya, kama itakusaidia. Lakini mara moja tu, Paskalina. Mimi nina watu wanaonijua."

Jumatano, 12 Machi

Nilimvalisha sketi ya ngozi yenye shanga iliyoachwa na marehemu bibi. Nikamvua saa. Nikamvua na miwani, akabaki anapepesa macho. Ndama tulimfunga kwa jirani.

Wageni wakaja na makoti ya njano ya baharini. Mume, Joris, ni mrefu kupita kiasi, akagonga kichwa mlangoni. Mke anaitwa Annelies, nywele nyeupe, ana sauti ya chini. Akauliza ile nyumba ya bati la bluu ni ya nani. Nikasema ya mwalimu mmoja, na hapo sikudanganya.

Ndani, Joris akaegemea nguzo. Mama akasema kwa Kiiraqw, uso umekunjamana vizuri kabisa, "Mwambie huyu baba asiegemee hapo, nguzo ina mchwa, ataniangushia nyumba ya baba mkwe wangu." Nikawatafsiria kwa Kiingereza kwamba bibi anasema nguzo hiyo inabeba roho za wazee. Joris akaondoa mkono kwa heshima kubwa.

Annelies alikaa karibu na Mama muda mrefu bila kusema kitu, akaishika tu mikono yake. Wakati wa kuaga alikuwa na machozi. Jioni mimi na Mama tulicheka habari ya nguzo mpaka chai ikapoa. Nilijiona mjanja sana leo.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Njia ya Mang'ola imekatika, malori ya vitunguu yamekwama.

Jumatano, 19 Machi

Hawaondoki. Fundi wa Tanga amewaambia usukani hautakuwa tayari mpaka Mei, nao wamechukua chumba cha mwezi kwenye gesti karibu na stendi. Joris alinieleza kwamba kila wanapotia nanga wanatafuta mtu mmoja. Siyo kumi, mmoja. Wanamtembelea, wanakula kwake, na wakiondoka wanajua mahali pale kwa sababu ya mtu huyo. Wana watu wa namna hiyo visiwa vingi nisivyovijua majina.

"Na hapa?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Hapa ni Bibi," akasema.

Mama aliposikia aliacha kuchambua maharage. "Nilikwambia mara moja."

Nikamwambia wana watu wengi wanaofuata safari yao mtandaoni, wakinisifia wao kampuni yangu itasimama. Nikamwambia masika haya sina mgeni mwingine. Yote ni kweli. Akarudi kwenye maharage bila kujibu, na mimi nikaamua kwamba huko ni kukubali.

Jumatatu, 24 Machi

Sijui nianzie wapi. Nilipowafikisha leo, Annelies aliinama mlangoni akasema, "Shikamoo, Bibi. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

Kiswahili. Tena kile cha pwani, kilichonyooka kuliko changu. Kumbe wamekaa Tanga tangu mwaka jana, kila siku wanashinda na mafundi. Mara ya kwanza alinyamaza kwa sababu nilimwambia bibi hajui Kiswahili, lakini safari hii alitaka kujaribu, pengine anasikia kidogo.

Mama ni mtu ambaye asipoitikia shikamoo anaumwa. Nilimwona mdomo ukifunguka. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Akafunga mdomo, akatikisa kichwa polepole kama mtu asiyeelewa kitu, na salamu ya mgeni ikabaki hewani bila kuitikiwa, ndani ya nyumba ya Mwalimu Germana.

Halafu Annelies akaniambia, "Muulize ana watoto?"

Nikamuuliza Mama kwa Kiiraqw. Ni swali la ajabu kumuuliza mama yako. Akanijibu taratibu, macho hayaondoki usoni kwangu. "Mwambie ninaye mmoja. Yuko mbali."

Nikatafsiri. Nilitafsiri neno kwa neno, kwa mara ya kwanza tangu mchezo huu uanze. Annelies akasema maskini, na akampapasa mkono.

Njiani kurudi Joris alinisifia jinsi ninavyomheshimu yule bibi.

Alhamisi, 27 Machi

Mama anaacha chakula changu mezani kimefunikwa, anaingia kulala. Tukikutana ananisalimia. Hajakasirika kwa kelele, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimewapeleka Ngorongoro na Edson. Getini baridi, juu ukungu mtupu. Tulisimama pale wanapopigia picha, hata ukingo wa shimo hatukuuona, tukawa tunatazama weupe kama watu wanaosubiri pazia lifunguliwe. Joris alirudi kwenye Landkruza kunywa chai na Edson. Annelies akabaki na mimi.

Akaniambia mama yake alifariki wao wakiwa katikati ya bahari. Habari zilimfikia walipotia nanga, mama alishazikwa zamani. Hakuwahi kulia, alisema, kwa sababu kila mtu pale bandarini alikuwa mgeni, utamlilia nani. Sasa akikaa na Bibi, bila neno lolote, anahisi amefika nyumbani kwa kuchelewa, lakini amefika.

"Nakushukuru wewe," akasema.

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, na ukungu ule ungenisaidia, asingeniona vizuri. Nilifungua mdomo nikasema tuteremke, labda chini kumefunguka. Chini kulikuwa kumefunguka kweli, tukaona nyati na tembo mmoja dume, na Edson akanipongeza kwa bahati.

Jumanne, 8 Aprili

Leo Annelies alikuja na kalamu ya risasi na kitabu cha watoto cha kujifunza herufi. Alivinunua mwenyewe mjini. Anataka Bibi ajue kuandika jina lake. Nilisema bibi amechoka, macho yake hayaoni, na sijui nini tena. Akatoa mkobani miwani ya kusomea. Alikuwa amefikiria kila kitu.

Akaketi mkekani kando ya Mama, akaandika a kubwa, akamwekea kalamu mkononi. Mama akaishika kama mtu anayeshika mpini wa jembe. Nadhani hata mimi nisingemjua. Annelies akauweka mkono wake juu ya mkono wa Mama, taratibu, bila kubana, kidole gumba pembeni, vilevile Mama alivyonifundisha mimi, na Edson, na wengine wote. Wakaandika pamoja. Herufi ikatoka imepinda. Annelies akamsifu. Wakaandika nyingine.

Mama alikuwa anatetemeka. Mgeni alifikiri ni uzee. Mimi nilimwona akijizuia asinyooshe ule mstari, na nikatoka nje nikasimama kwenye mvua mpaka waliposema basi.

Usiku nilimwambia, "Mama, nisamehe, nitawaambia."

"Lini?"

"Wiki hii."

"Yule mama anafundisha vizuri," akasema. "Hana haraka. Mimi nilikuwa na haraka, niliwachapa sana watoto wa watu." Akazima taa.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi

Mama alisoma somo la kwanza. Nilikaa nyuma na tawi langu, macho mlangoni, nikiomba wale wawili wasije wakatokea. Ndiyo sala pekee niliyosali leo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimefanya jambo ambalo hata kuliandika naona vibaya.

Nilikwenda gesti kwao nikiwa nimejiandaa kusema ukweli. Naapa. Annelies alinikaribisha kwa furaha, anataka kumpiga video Bibi akiandika, awaonyeshe watu wao, wachange, Bibi ajengewe nyumba nzuri. Ya tofali, alisema, yenye bati, kama ile ya jirani yake mwalimu. Nikaona video hiyo inazunguka. Nikaona inafika kwenye simu ya Edson, ya Padri, ya walimu wenzake Mama, Mwalimu Germana anashikwa mkono kuandika a.

Nilitaka tu yaishe. Nikasema, "Bibi hayupo tena."

"Ameenda wapi?"

Nikasema, "Amefariki. Ghafla. Jana."

Maneno yalitoka mepesi kabisa, kwa Kiingereza. Annelies alikaa kitandani, akajifunika uso. Joris akaniuliza mazishi lini, nikasema kwetu bibi wa namna ile anazikwa na ukoo, wageni hawaendi. Halafu nikaondoka, na njiani nikazima simu.

Jumanne, 15 Aprili

Asubuhi nilishuka mjini, simu bado nimeizima. Nilikuwa sokoni nachagua nyanya, dereva wa bodaboda mmoja akavua kofia akaniambia, "Pole sana dada Paskalina. Pole kwa mama."

"Mama yupi?"

"Mwalimu. Si tumesikia amefariki?"

Hapa naandika aibu yangu yote, basi na hili liwemo. Nilimwamini. Sikukumbuka kabisa kwamba ni mimi niliyesema. Nilimwacha Mama anakwenda shambani mzima, nikadhani radi, nikadhani moyo, nyanya zikanidondoka zote, nikapanda bodaboda ile ile nikilia kwa sauti. Tulipopita kanisani ndipo kichwa kikarudi mahali pake. Nikanyamaza ghafla mpaka kijana akageuka kuniangalia.

Ilivyotokea ni hivi. Leo asubuhi Annelies hakuweza kukaa gesti. Alimwita Edson, akamwambia Bibi amekufa, akampa pesa za kununua mchele na sukari vya msibani, kwa sababu ukifiwa na mtu wako wa bandarini, alisema, unakwenda hata kama hukualikwa. Edson anajua vizuri bibi huyo ni nani, maana ndiye anayewashusha wageni kwetu. Akanipigia, simu imezimwa. Kwetu simu ya mtoto ikizimwa na mama ametajwa, mtu haulizi mara mbili. Akampigia Hyasinta, katibu wa jumuiya. Hyasinta akawapigia wote.

Na kwetu msiba hausubiri barua. Saa nne walikuwa wameshajaa uani. Kina mama na unga na kuni kichwani, vijana na mabenchi ya parokia kwenye pikapu, walimu wastaafu wamevaa makoti. Turubai lilikuwa linafungwa kwenye paa la bati la bluu. Kina mama wameanza kulia.

Mama akatokea njia ya chini, anatoka kupalilia, jembe begani, matope mpaka magotini.

Haya sikuyaona, Hyasinta ndiye aliyenisimulia, na sitaki kuyasikia tena. Anasema Mama alisimama kwenye migomba, akaona turubai, akaona watu wanalia kwake. Yeye nyumba hii ana mtu mmoja tu. Jembe likaanguka. Akakaa chini palepale kwenye matope, akasema, "Paskalina." Hakuuliza. Alilitaja tu jina. Na wale waliokuwa wanamlilia wakamwona marehemu amekaa kwenye matope, wengine wakakimbia, Hyasinta mwenyewe akaangukia kuni. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba mimi ni mzima.

Niliposhuka kwenye bodaboda aliniona. Aliinuka akaja mbio, Mama yangu na magoti yale, akanishika uso kwa mikono yake ya matope, akanipapasa mabega, mikono, kama anayehesabu mifupa. Nilisikia anavyohema. Sijawahi kupendwa vile mbele za watu, na sijawahi kutostahili kiasi kile.

Halafu akageuka kwa watu. "Sasa nani amekufa?"

Edson akatazama viatu vyake. Annelies alikuwa karibu na turubai na mfuko wa sukari mkononi, mdomo wazi. Akasogea akasema, "Bibi? Unazungumza Kiswahili?"

Mama akamtazama, akanitazama mimi, na nikaona uso wake unaelewa, kipande kwa kipande. Mikono ikatoka mabegani kwangu.

"Waeleze," akasema.

Nikaanza kwa Kiingereza, chini chini, upande wa Annelies, ili majirani wasisikie.

"Kiswahili," Mama akasema. "Wote wamekuja msibani."

Basi nikasema kwa Kiswahili, mbele ya jumuiya nzima na walimu wastaafu na mabenchi ya parokia. Nikasema huyu ni mama yangu. Nikasema nilimvua miwani nikawaambia wageni hajui kusoma, na nilipoona aibu inakuja nikasema amekufa. Hakuna aliyenizomea. Ningeshukuru mtu angenizomea. Mwalimu mmoja mzee akasema, "Lakini mtoto, ungesema tu ni Germana."

Mama akawaambia watu wakae, unga umekuja, kuni zimekuja, haviwezi kurudi vilikotoka. Wakapika. Walikula ugali wa msiba wa mtu anayewagawia mboga. Annelies aliuweka mfuko wa sukari mezani, akampigia Mama goti, akatoka na mumewe kwa miguu kwenye mvua. Hakunitazama.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Sikwenda kanisani. Ningekaa benchi gani?

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mama alipika pilau. Tulikula wawili, alinisalimia.

Jumatatu, 28 Aprili

Edson anasema wageni wengine wameulizia nyumba ya chini ya ardhi. Nimemwambia humo kuna ndama.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imekatika tangu jana. Usukani uko tayari, kesho wanapanda basi kwenda Tanga, halafu upepo ukigeuka wanaondoka kabisa. Leo Annelies alikuja kuaga. Peke yake. Alipita moja kwa moja kwenye nyumba ya bati la bluu, akabisha hodi, akasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," Mama akajibu. "Karibu ndani. Pole na matope."

Walikaa barazani tangu saa tatu. Mama alivaa miwani yake na kitenge cha Pasaka. Walizungumza Kiswahili, na hawakuhitaji mtu wa kutafsiri. Kutoka jikoni nilisikia Annelies anaeleza habari ya mama yake, tangu mwanzo, alivyoumwa, walivyomzika yeye hayupo. Mama anauliza, anaitikia, anatulia. Kuna mahali Annelies alilia kwa sauti, na Mama akamwacha alie, akawa anamshika tu mgongo. Sikuthubutu kutoka.

Mwishowe niliandaa chai, maana ndiyo kazi iliyobaki kwangu. Nikaweka maziwa, tangawizi, vitumbua kwenye sahani nzuri. Nikatoka na sinia, nikasema shikamoo, nikaweka kikombe cha mgeni, nikaweka cha Mama.

Annelies akamuuliza Mama kwa upole, ananionyesha kwa macho, kama mimi na yeye tumepatana.

Mama alikuwa anakoroga chai. Hakuinua kichwa. Akasema, "Ahsante, dada," vile unavyomwambia mhudumu wa mgahawa, akasogeza sahani ya vitumbua upande wa mgeni, na wakaendelea na mazungumzo yao.